Vitu vya Ng'ambo na Pato la Nchi

Mara kwa mara twasoma kwamba nchi imenunua vitu vya ng'ambo vya thamani ya mamilioni mengi ya fedha. Msomaji hushtuka, asijue kama hesabu hiyo ni kubwa au ndogo. Peke yake haimwarifu mtu neno. Lazima ilinganishwe na pato la nchi, yaani thamani ya mali na kazi zote zifanywazo nchini katika mwaka mmoja. Twataka kukieleza kipimo hiki kwa mifano ya huku Ugogo.

Tuseme mkulima wa Mvumi amevuna uwele na mtama, na mbuzi wake wamezaa, na pato lake lote la mwaka ni shilingi 2,000,000. Uwele ulioliwa nyumbani nao umo katika hesabu hiyo, kwa bei ya sokoni. Mwaka ule ule amenunua nguo, chumvi, majembe na mafuta kwa shilingi 400,000. Basi manunuzi yake ni sawa na moja ya tano ya pato lake. Jirani yake amepata shilingi 20,000,000, akanunua vitu vya shilingi 2,000,000. Huyu ametoa fedha nyingi zaidi, lakini ni moja ya kumi tu ya pato lake.

Ndivyo ilivyo kwa nchi. Marekani hununua vitu vya nje kupita nchi nyingine zote duniani, lakini manunuzi hayo hayafiki moja ya tano ya pato lake, kwa maana pato lenyewe ni kubwa mno. Kwa Tanzania, katika miaka ya karibuni, yamekuwa kiasi cha moja ya tano hivi. Singapore, kisiwa kidogo chenye bandari kubwa, hununua vitu vyenye thamani ipitayo pato lake zima.

Huenda mtu akauliza, Yawezekanaje kununua kupita pato? Na amtazame mwenye duka. Amenunua bidhaa za shilingi 10,000,000, akaziuza kwa shilingi 11,000,000. Pato lake ni ile 1,000,000 iliyozidi, lakini manunuzi yake ni mara kumi ya pato hilo. Singapore hufanya vivyo hivyo, hupokea vitu, huvitengeneza, kisha huviuza kwa wengine. Wala vitu vya nje si sehemu ya pato, maana vimefanywa na watu wengine. Ni hesabu mbili zilizowekwa bega kwa bega.

Kwa hiyo kipimo hiki hakituambii kama nchi ni tajiri au maskini. Chatuambia mlango wake umefunguliwa kiasi gani. Baada ya hapo imetupasa kuuliza ni nini kiingiacho mlangoni, na kwa kazi gani.

Wazee wa Kongwa wanajua habari hii. Mwaka 1947 Waingereza walianza shamba kubwa la karanga pale. Matrekta na mitambo mingi ililetwa kwa meli, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa vyombo vya kung'olea miti. Lakini mvua zilikuwa haba, na udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 kazi ile iliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Mitambo iliingia, mazao hayakutoka. Katika mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilifika Dodoma. Mabehewa na vichwa vyake vilitoka ng'ambo pia, na faida yake itapimwa kwa mizigo na watu watakaochukuliwa miaka ijayo.

Tena kuna vitu vya kila siku. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yatumikayo Tanzania ni mawese kutoka Asia. Februari 2022 vita vilianza katika Ukraine, nchi itoayo mafuta mengi ya alizeti. Aprili mwaka huo Indonesia ilikataza mafuta ya mawese kupelekwa nje, ikayaruhusu tena mwezi wa Mei. Bei zilipanda duniani kote, na mama apikaye mboga Dodoma akalipia vita asivyoviona. Walakini alizeti yastawi sana Dodoma na Singida. Kila debe likamuliwalo hapa huongeza pato la nchi, na huenda likapunguza manunuzi ya nje, ijapokuwa mashine ya kukamulia na dizeli yake hutoka ng'ambo.

Basi, ndugu wasomaji, mkisikia kwamba vitu vya nje vimezidi, msifurahi wala msihuzunike upesi. Ulizeni mambo matatu: Vimezidi kuliko pato? Ni vya kuliwa, au ni vya kuzalisha mali? Na je, twaweza kuvipata katika mashamba yetu wenyewe? Walimu wawafundishe watoto kuipiga hesabu hii nyumbani kwao kwanza, kisha wataielewa ya nchi.