Mtoto akibanwa kifua, usiiogope mipira ya oksijeni

Bibi mmoja kutoka vijiji vya bonde la Wembere alinishika mkono wodini hapa Igunga. Mjukuu wake wa miezi minane alikuwa ameletwa asubuhi ile kwa bodaboda, ana kikohozi cha siku tatu, anahema mara 68 kwa dakika, na chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi. Kifaa tulichomfunga kwenye kidole gumba cha mguu kilisoma 84. Nesi alishaleta mirija ya oksijeni.

"Mwanangu daktari," bibi akasema, "mpe sindano, mpe dripu, lakini hiyo mipira ya puani usimwekee. Kwetu aliyewekewa hiyo hakurudi."

Kauli hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuicheka. Ina chanzo chake. Pale oksijeni ilipokuwa adimu, aliwekewa mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa. Akifariki, ndugu wanakumbuka mirija iliyokuwa puani, hawaikumbuki nimonia iliyomtafuna siku tano nyumbani. Kwa hiyo leo mzazi anakataa, au anakubali kisha usiku anaichomoa mtoto akilia.

Nilimwambia, "Mayu, hii ni hewa ileile tunayovuta mimi na wewe, ila imechujwa." Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mashine iliyo wodini inavuta hewa ya chumbani, inaondoa sehemu kubwa ya gesi nyingine na kumpelekea mtoto oksijeni iliyobaki. Mtoto wa umri ule huhitaji lita moja au mbili tu kwa dakika. Haina dawa ya usingizi ndani yake, na haimfanyi mtu aitegemee maisha yake yote.

Sasa ile 84 ina maana gani? Fikiria bajaji za kupeleka abiria sokoni. Ndani ya damu kuna protini iitwayo himoglobini, ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu. Kila himoglobini ni kama bajaji yenye viti vinne, na abiria wake ni oksijeni anayepandia kwenye mapafu. Namba ya kifaa inakwambia viti vingapi katika kila 100 vina abiria. Kwa mtu mwenye afya huwa 95 hadi 100. Igunga si milimani kama Makete, kwa hiyo hapa namba ikiwa chini tusisingizie mwinuko.

Kati ya 90 na 94 mgonjwa anahitaji kuonwa na mtaalamu na kupimwa tena. Chini ya 90, mtoto mwenye nimonia anahitaji oksijeni na kulazwa. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wazazi huniuliza kwa nini tunahangaika hivyo wakati 88 darasani ni alama nzuri. Ni kwa sababu chini ya 90 mteremko unakuwa mkali: mapafu yakizidiwa kidogo tu, namba inaporomoka haraka, na ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza.

Kifaa chenyewe kinatumia mwanga. Upande mmoja kuna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho. Upande wa pili kuna kipokezi. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazifyonzi mwanga kwa namna moja, na kifaa kinasoma tofauti hiyo kwa kufuata mapigo ya moyo. Wazo hilo alilibuni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970. Hakuna sindano wala maumivu. Kabla ya hapo tuliangalia midomo na ulimi kama vimekuwa vya bluu, na kwa ngozi zetu, tena kwenye chumba chenye mwanga hafifu, dalili hiyo huonekana imechelewa sana.

Lakini kifaa nacho hudanganyika. Rangi ya kucha, hasa nyeusi na ya bluu, na piko la harusini huzuia mwanga. Kidole cha baridi au mtoto anayerusha miguu hutoa namba za ovyo. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Ndiyo maana mimi sitegemei namba peke yake. Ikisoma 93 na mtoto anahangaika kupumua, ninamwamini mtoto.

Kuna hali mbili zinazonisumbua zaidi. Ya kwanza ni upungufu wa damu. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria au selimundu anaweza kusoma 98. Viti vyote vina abiria, ni kweli, lakini bajaji zenyewe zimebaki chache. Mtoto mweupe viganjani, anayehema na kulegea, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya 98. Mwenye selimundu ni vizuri mzazi ajue namba yake ya siku za kawaida, ili siku ya homa tuwe na cha kulinganisha.

Ya pili ni mkaa. Mwanzoni mwa kazi yangu, katika hospitali nyingine, waliletwa ndugu watatu waliolala chumba kimoja na jiko la mkaa, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Wote waliumwa kichwa na kutapika, mmoja hajitambui. Nilimpima yule aliyekuwa macho, kikasoma 99, nikamweka kwenye benchi asubiri. Mkubwa wangu wa kazi alifika, akaniuliza walikolala, akaamuru wote watatu wawekewe oksijeni papo hapo. Moshi ule una kaboni monoksaidi. Inakalia viti vya oksijeni, na kifaa kinaihesabu kama oksijeni. Wote walipona, lakini 99 ile ninaikumbuka mpaka leo. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limebaki majivu.

Tangu wakati wa korona, watu wengi wananunua vifaa hivi na kuviweka kabatini. Sikatazi. Kaa kitako dakika tano, pasha mkono joto, futa rangi ya kucha, ingiza kidole, tulia mpaka namba isimame, kama dakika moja. Usiandike ile ya kwanza iliyotokea. Kidole cha mtoto mchanga ni kidogo mno kwa kifaa cha mtu mzima, kwa hiyo namba utakayopata haina thamani. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu wa mapafu aulize daktari wake namba inayomfaa yeye, kwani kwa baadhi yao tunaridhika na 88 hadi 92.

Na asiye na kifaa? Ana macho na saa ya simu. Mfunue mtoto nguo akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi. Miezi miwili hadi kumi na moja, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Ukifika hapo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usisubiri kupambazuke. Usimfukize nyungu.

Bibi wa Wembere hakukubali kwa maneno yangu. Alikubali nilipomgeuzia kioo cha kifaa akakitazama mwenyewe: 84, mirija ikaingia, 87, 91, na baada ya dakika chache 95. Aliketi kwenye kiti cha plastiki akikisimamia kile kioo kama mtu anayechunga ng'ombe, na kila namba iliposhuka kwa moja alimwita nesi. Siku ya tatu tulizima mashine, mtoto akabaki kwenye 96 kwa hewa ya chumbani, anavuta ziwa la mama yake. Ndipo bibi akanyoosha kidole chake mwenyewe. "Na mimi nipime," akasema, "nisije nikawa natembea na themanini."