Foleni ya mafuta huanzia mezani, si bandarini

Agosti 2005, jiji la Guangzhou, linalofahamika sana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika wanaofuata bidhaa China, lilikumbwa na foleni ndefu kwenye vituo vya mafuta. Lawama zilitupiwa vimbunga vilivyochelewesha meli. Kiini hasa kilikuwa bei: serikali ilishikilia bei ya rejareja huku mafuta ghafi yakipanda katika soko la dunia. Aliyeyasafisha na kuyauza ndani alipata hasara.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji mkalimani hapo. Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei kikomo, kampuni nyingi ziligoma kuuza, vituo vikakauka, na BP Tanzania ikafungiwa biashara kwa miezi mitatu. Nairobi nayo ilipanga foleni Aprili 2022, serikali ilipochelewa kuzilipa kampuni za mafuta fedha za ruzuku. Katika miji yote mitatu, mafuta yalikwamia kwenye hesabu.

Tofauti ni kile kilichofuata. Guangzhou ilikuwa imeshaanza kuhamishia mabasi na teksi zake kwenye gesi ya LPG, na baadaye ikageukia mabasi ya umeme. Jirani yake Shenzhen ilikamilisha kazi hiyo mwaka 2017, mabasi zaidi ya 16,000.

Dar es Salaam ilipata gesi ya Songo Songo kwa bomba mwaka 2004. Hata hivyo, Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, ulianza na mabasi 140 ya dizeli kutoka China. Gesi ilikuwa mjini, abiria wakategemea meli.

Tusidanganyane kwamba umeme ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2021 viwanda vya Guangdong vilipewa umeme kwa mgawo: makaa ya mawe yalipanda bei, bei ya umeme ikabanwa. Ugonjwa ule ule, chombo kingine.

Ndiyo maana jiji lenye busara haliweki magari yake yote kwenye nishati moja. Lijue idadi ya magari yake na kila moja linakunywa lita ngapi kwa siku. Liwe na tangi lake, na orodha iliyoandikwa mapema ya nani anajaziwa kwanza: gari la wagonjwa, zimamoto, basi la abiria, kisha shangingi la mkubwa.

Je, halmashauri yako inayo orodha hiyo? Waulize leo, kabla ya foleni.