Uvimbe umetoweka, homoni imebaki

Mwaka 1956, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliyoko Bethesda, Maryland, daktari mzaliwa wa China, Min Chiu Li, alianza kumtibu kwa methotreksati mwanamke mwenye koriokasinoma iliyokwisha kusambaa hadi mapafuni. Saratani hii huanzia kwenye seli zinazojenga kondo la nyuma. Mara nyingi hutanguliwa na mimba zabibu, yaani mimba ambayo kondo lake hukua isivyo kawaida, lakini yaweza pia kufuata mimba iliyoharibika au hata uzazi wa kawaida. Wakati huo, ikishafika mapafuni, ndugu walikuwa wakiambiwa wajiandae kwa msiba.

Mgonjwa yule alipona. Picha za eksirei zilionyesha uvimbe ukisinyaa hadi ukatoweka, jambo ambalo dawa peke yake haikuwahi kulifanya kwa saratani ya aina hiyo iliyosambaa. Wengi wangeishia hapo na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani. Li hakuishia hapo, kwa sababu alikuwa na namba nyingine mkononi.

Seli za koriokasinoma hutoa homoni ya hCG, ileile inayofanya kipimo cha mimba kionyeshe mistari miwili. Siku hizi mashine huisoma kwenye tone la damu. Zama za Li, mkojo wa mgonjwa ulichakatwa, ukadungwa kwa panya majike wachanga, kisha mfuko wa uzazi wa kila panya ukapimwa uzito. Kadiri homoni ilivyokuwa nyingi, ndivyo mfuko ulivyokuwa mzito. Kazi ya kuchosha, lakini ilisema kitu ambacho eksirei haikuweza kusema: mapafu yalionekana safi, na bado hCG ilikuwepo. Li akaendelea kuwapa wagonjwa wake dozi nyingine, na nyingine tena, akiifuata homoni hadi iishe.

Wakubwa wake hawakumwelewa. Kumpa sumu mtu ambaye hana uvimbe unaoonekana kulichukuliwa kama kumfanyia majaribio, na mwaka 1957 akatakiwa kuondoka. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Methotreksati hufanana na asidi foliki, hivyo hukikamata kimeng'enya kinachoiandaa folati kwa ajili ya kutengeneza DNA, na seli inayogawanyika hukwama. Seli za saratani hufa, lakini pia huumia uboho unaotengeneza damu na utando wa mdomo na utumbo. Mgonjwa hutokwa vidonda mdomoni asiweze hata kumeza uji, na kinga yake hushuka. Kila dozi ina gharama mwilini.

Muda ulimpa Li haki. Wagonjwa waliosimamishiwa dawa mapema ugonjwa uliwarudia; waliotibiwa mpaka homoni ikaisha walibaki wazima. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker. Naamini alichogundua kinazidi dawa yenyewe: kuna saratani ambayo macho hayaioni lakini damu inaijua. Uvimbe wa sentimita 1 unakadiriwa kuwa na mamia ya mamilioni ya seli. Hata hCG inaposhuka chini ya uniti 5 kwa lita, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, huenda bado kuna maelfu ya seli zilizojificha, kama makaa chini ya majivu. Ndiyo maana leo daktari huongeza mizunguko kadhaa ya dawa baada ya kipimo kuwa kizuri, na ndiyo maana mgonjwa anayejisikia mzima asikatishe tiba. Kwa wagonjwa wa koriokasinoma walio katika kundi la hatari ndogo, karibu wote hupona.

Lakini si kila kiashiria cha saratani kina nguvu hii, na hapa watu wengi hupoteza fedha na usingizi. PSA hupanda kwa saratani ya tezi dume, na hupanda pia tezi ikivimba kwa umri au ikipata maambukizi. CA-125 hupanda kwa saratani ya ovari, na vilevile kwa fibroidi, kifua kikuu cha tumboni, hata wakati wa hedhi. CEA huwa juu kidogo kwa wavuta sigara. Mtu mzima asiye na dalili anayepimwa viashiria vyote kwa mkupuo anaweza kutoka na hofu tupu, au na faraja isiyo na msingi.

Tena, kujua mapema hakusaidii kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet uliwahusisha wanawake 529 waliomaliza matibabu ya saratani ya ovari, kisha CA-125 yao ikapanda. Baadhi walianzishiwa tibakemikali mara moja, wengine walisubiri dalili. Muda wao wa kuishi haukutofautiana, ila waliowahishiwa dawa walianza mapema kuishi na maudhi yake. Koriokasinoma husalimu amri mbele ya dawa, ilhali saratani ya ovari iliyorudi ni nadra kuponywa nayo. Namba ileile inayopanda humpa daktari la kufanya kwa mgonjwa mmoja, na kwa mwingine humpa taarifa tu.

Kwa mwanamke aliyesafishwa kizazi kwa sababu ya mimba zabibu, namba hiyo ni ya kuifuata bila kuruka hata mara moja: hCG kila wiki hadi iwe ya kawaida, kisha kila mwezi kwa muda atakaopangiwa. Ikigoma kushuka au ikaanza kupanda, tiba huanza, mara nyingi bila hata kukata kinyama, kwa kuwa uvimbe huu huvuja damu vibaya ukiguswa. Katika kipindi hicho atumie njia ya uzazi wa mpango, maana mimba mpya huipandisha homoni ileile, na daktari hataweza kujua inatoka kwa mtoto au kwa ugonjwa. Kipindi kikiisha salama, wengi wao hushika mimba tena na kujifungua kama kawaida, na wale waliowahi kutibiwa kwa dawa hupimwa hCG tena wiki chache baada ya kujifungua.