Lutindi Ipi? Majina ya Kurasa Yanavyozua Mvutano Wikipedia ya Kiswahili

Abiria anayesimama stendi ya Korogwe na kusema anakwenda Lutindi haulizwi maswali mengi. Mpiga debe anajua gari, kondakta anajua nauli, na aliyekaa naye kiti kimoja pengine atataka tu kujua kama anakwenda kumjulia hali mgonjwa au anarudi kwao. Ukienda upande wa Handeni, jina hilohilo lipo, na wenye Lutindi yao nao hawaoni sababu ya kuifafanua. Utata unaanza pale jina linapowatoka wenyewe na kuingia katika kamusi elezo ya mtandaoni, mahali ambapo msomaji hana wa kumuuliza. Huko mtu akiandika Lutindi, aonyeshwe ipi?

Swali hilo linaonekana dogo mpaka mtu ajaribu kulijibu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo sasa ina makala zaidi ya 80,000, inatawaliwa na sharti moja la kiufundi ambalo hakuna kura inayoweza kulibadili: kurasa mbili haziwezi kubeba jina moja kwa herufi zilezile. Programu inakataa. Ndipo yakaja mabano. Makala moja inaitwa Lutindi (Handeni), nyingine Lutindi (Korogwe), na kati yake unawekwa ukurasa mfupi wa maana, ambao kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba jina hili lina wenyewe wawili, achague anayemtafuta.

Kubadili jina la ukurasa si kazi ngumu. Mwenye akaunti iliyokaa siku kadhaa na kufanya uhariri kidogo anaweza kubofya "Hamisha", akaandika jina jipya na sababu yake, na ukurasa ukahamia huko mara moja. Jina la zamani linabaki kama elekezo, ili anayelitafuta asipotee. Asiyeridhika anafungua ukurasa wa Majadiliano na kueleza hoja yake, na mambo yakishindikana wakabidhi, yaani wasimamizi wa tovuti, wanaingia kati. Kwa kuwa kuhamisha ni rahisi kiasi hicho, ugomvi wote umo katika kukubaliana jina gani lihamie wapi.

Mkoa wa Tanga peke yake unatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mji wa Korogwe una kata inayoitwa Bagamoyo. Una pia Majengo, jina ambalo lipo Moshi, lipo Dodoma, lipo jijini Tanga, na ukivuka mpaka unalikuta Mombasa na Nairobi. Korogwe kuna Kwamsisi, Handeni kuna Kwamsisi. Korogwe kuna Kwamndolwa, Handeni kuna Ndolwa, na mwandishi asiyeyajua maeneo hayo anaweza kudhani mmoja wa wenzake amekosea tahajia, akaenda "kusahihisha" kisichokuwa na kosa. Chanika ni kata ya Handeni, lakini ukilitaja jina hilo Dar es Salaam, mawazo ya watu yanakwenda Ilala. Makuyuni ya Korogwe, iliyo kando ya barabara kuu ya kuelekea Mombo, ina wenzake Monduli na Moshi Vijijini.

Mgogoro wa kwanza, na mkubwa kuliko yote, ni nani apewe jina tupu, yaani jina lisilo na mabano. Wapo wanaosema apewe anayejulikana zaidi. Hoja yao ina nguvu: anayeandika Bagamoyo, kati ya wasomaji mia, karibu wote wanautafuta mji mkongwe wa pwani na si kata ya Korogwe. Kumlazimisha kila mmoja wao kupita kwenye ukurasa wa maana ni kumpotezea muda. Basi Bagamoyo ibaki ya pwani, na ya Korogwe ivae mabano.

Wengine hawakubali, na hoja yao nayo haifai kupuuzwa. Umaarufu unapimwa na nani? Anayeishi Korogwe kata ya Bagamoyo, anayelipia huduma pale na kupiga kura pale, hana Bagamoyo nyingine katika maisha yake ya kila siku. Isitoshe, umaarufu wa mtandaoni mara nyingi ni kipimo cha nani alitangulia kuandikwa. Mji uliotembelewa na watalii na watafiti una vitabu, picha na tovuti. Kata ya wakulima haina.

Mwandishi wa makala hii anaona kundi la kwanza lina haki kwa Bagamoyo, na kundi la pili lina haki kwa Lutindi. Tofauti iko katika uzito wa majina yenyewe. Lutindi ya Korogwe inajulikana mbali kwa sababu moja kubwa, nayo ni hospitali. Mwaka 1896 wamisionari Wajerumani walianzisha huko, katika milima ya Usambara, makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakageuzwa kuwa pa kutunzia wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla ya hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, kujengwa na Waingereza. Hospitali hiyo ipo hadi leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na familia zinawapeleka wagonjwa wao huko kutoka mikoa mbalimbali. Kwa watu wengi wa Tanga, kutaja Lutindi ni kuitaja hospitali.

Hapo ndipo kosa la jina linapoacha kuwa suala la wapenda kompyuta. Mtu mwenye ndugu mgonjwa, aliye mbali, anayetafuta habari za Lutindi kwa simu, akipelekwa kwenye ukurasa wa Handeni anaweza kupanga safari ya wilaya isiyo sahihi. Kwa upande mwingine, jina tupu likikabidhiwa Korogwe kwa sababu ya hospitali, Lutindi ya Handeni inafichwa nyuma ya jirani yake, na kila habari inayoandikwa kuihusu itaelekea kuangukia kwenye ukurasa usio wake. Usambara Mashariki nako kuna msitu wa hifadhi unaoitwa Lutindi, nao una wasomaji wake, hasa watu wa mimea na ndege. Suluhisho la haki liko wazi: jina tupu liwe ukurasa wa maana, hospitali ipate makala yake yenye jina lake kamili, msitu vivyo hivyo, na Lutindi mbili zinazobaki zitenganishwe kwa majina ya wilaya.

Lakini mabano ya wilaya nayo yana ugonjwa wake, kwa kuwa wilaya hazitulii. Mwaka 2002 Handeni ilimegwa na Kilindi ikazaliwa. Kijiji kilichokuwa Handeni jioni kiliamka kikiwa Kilindi bila kusogea hata hatua moja. Korogwe ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na Handeni ni hivyo hivyo, kwa hiyo neno "Korogwe" ndani ya mabano linaweza kumaanisha mji kwa mwandishi mmoja na vijijini kwa mwingine. Mfano unaosumbua zaidi uko kusini. Mkoa wa Songwe ulitengwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ndani yake kuna Wilaya ya Songwe. Upo pia Mto Songwe, ulio mpakani na Malawi. Na Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kupokea ndege Desemba 2012, uko Mkoa wa Mbeya. Atakayeandika kwamba uwanja huo uko Mkoa wa Songwe amedanganywa na jina, wala si wa kulaumiwa sana.

Kenya nayo ilileta fundo lake. Kabla ya kaunti 47 kuanza kazi mwaka 2013, kulikuwa na Mkoa wa Pwani upande wa Kenya na Mkoa wa Pwani upande wa Tanzania. Ule wa Kenya umekufa kiutawala, lakini vitabu, vyeti na kumbukumbu zinazoutaja haviwezi kufutwa, kwa hiyo ukurasa wake lazima uwepo na lazima utofautishwe na ulio hai.

Wanaodhani mabishano haya ni dalili ya jumuiya changa wangefaa kuitazama Wikipedia ya Kiingereza. Huko makala kuhusu maziwa mgando, ile iitwayo yogurt, ilibishaniwa kuanzia 2003 hadi 2011 kwa sababu ya herufi moja tu, h. Kati ya Desemba 2012 na Januari 2013 watu waliandika zaidi ya maneno 40,000 wakijadili kama neno Into katika jina la filamu Star Trek Into Darkness lianze kwa herufi kubwa au ndogo. Mengine yalikuwa mazito kweli. Mji mkuu wa Ukraine ulikaa kwenye Wikipedia hiyo kama Kiev, kwa matamshi ya Kirusi, mpaka Septemba 2020 ulipohamishiwa Kyiv, miaka miwili baada ya serikali ya Ukraine kuanzisha kampeni rasmi ya kudai jina lake.

Afrika Mashariki ina Kyiv yake, nayo ni ziwa. Tanzania inaliita Ziwa Nyasa. Malawi inaliita Ziwa Malawi, na ndivyo linavyoitwa katika Wikipedia ya Kiingereza. Nyuma ya majina hayo kuna mgogoro wa mpaka unaorudi hadi mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, Malawi ikidai maji hadi ufukwe wa Tanzania na Tanzania ikishikilia mstari wa katikati. Wikipedia ya Kiswahili inatumia Nyasa, na ni sahihi kufanya hivyo, kwa sababu ndivyo wasemaji wa Kiswahili wanavyoliita. Jina la ukurasa halimpi mtu maji. Makala yenyewe ndiyo mahali pa kueleza madai ya pande zote mbili.

Kanuni hiyo ya kufuata wasemaji ndiyo inayopaswa kuamua hata mambo madogo. Korogwe Mji ina kata inayoitwa Old Korogwe, kwa Kiingereza hivyo hivyo. Mpenda Kiswahili mkono utamwasha, atataka kuuhamisha ukurasa kwenda Korogwe ya Kale. Asifanye hivyo. Wakazi wanasema Old Korogwe na halmashauri inaandika Old Korogwe. Jina zuri zaidi ambalo hakuna anayelitumia halimsaidii msomaji hata mmoja.

Shida ni kwamba wanaoamua ni wachache. Waandishi wa kudumu wa Wikipedia ya Kiswahili hawajazi ukumbi, na baadhi yao si wazaliwa wa Afrika Mashariki, ingawa wamefanya kazi ambayo wengi wetu hatukuifanya. Mwaka 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na kwa miezi michache uwanja ulijaa. Shindano lilipoisha, wengi waliondoka. Matokeo yake, makala nyingi za kata zimeandikwa na watu waliosoma orodha za serikali na ramani, bila kuwahi kufika. Orodha hazisemi kwamba mlima fulani na kata yenye jina hilohilo ni vitu viwili.

Kosa likishaingia halikai mahali pamoja. Mwandishi aliyeweka kiungo cha "Lutindi" katika makala ya zamani kuhusu Usambara hajui kwamba ukurasa umehamishwa baadaye, na kiungo chake sasa kinaweza kumpeleka msomaji Handeni. Injini za utafutaji zinachota humo. Programu za akili bandia zinajifunza humo. Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina mamilioni ya makala, nyingi za mahali mbalimbali duniani, zilizotungwa na roboti kutoka hifadhidata za majina ya kijiografia, na roboti haina njia ya kutambua kwamba hifadhidata imekiweka kilima mahali pasipo pake.

Serikali ilishajitafutia njia yake. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya Agosti 23, ilitilia mkazo majina ya mitaa, namba za nyumba na postikodi ya tarakimu tano kwa kila kata, na tarakimu hazifanani hata majina yakifanana. Ila hakuna mtu anayetafuta habari za kwao kwa postikodi. Wanatafuta kwa jina.

Ndiyo maana walimu wa jiografia wa Korogwe na Handeni, maofisa watendaji wa kata, na vijana wenye simu na kifurushi cha intaneti wanahitajika katika kazi hii kuliko mtaalamu yeyote wa kompyuta. Fungueni ukurasa wa Lutindi mnayoijua. Someni kama kilichoandikwa ni cha kwenu au cha jirani. Kama si cha kwenu, bofyeni Majadiliano, mseme ni vijiji gani vipo, mpaka uko wapi, na wenyeji wanapaitaje. Anayehariri akiwa Dodoma au Ulaya hana namna nyingine ya kujua.