Je, Wajua? Makaburi ya Akeri

Je, wajua kwamba kituo cha kwanza cha misheni ya Kilutheri chini ya Mlima Meru kilidumu siku chache tu? Oktoba 1896 vijana wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir wa Estonia na Karl Segebrock wa Latvia, walipiga hema Akeri. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliuawa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha, ambao hasira yao ilikuwa juu ya jeshi la Kijerumani la Kapteni Johannes lililokuwa limepiga kambi jirani. Wamisionari hao wakazikwa hapo hapo Akeri.

Lakini simulizi ya makaburi mawili haitoshi. Wachaga waliofuatana nao waliuawa pia, na majina yao ni nadra kutajwa. Kisha Johannes akarudi na maelfu ya wapiganaji kutoka Kilimanjaro: watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, migomba ikateketezwa. Wafu wa kisasi hicho nao wanastahili kukumbukwa palepale.

Misheni ilirudi mwaka 1902, safari hii Nkoaranga, ambako hospitali ya Kilutheri ingali inatibu wagonjwa.