Macho Mawili, Picha Moja



Mara nyingi mfanyakazi anayepimwa macho husimamishwa mita 6 mbele ya ubao wa herufi. Hufunika jicho moja, kisha la pili, na akisoma mistari ya chini huandikiwa kwamba ni mzima. Baadaye kidole chake kinaguswa na msumeno aliodhani uko mbali, na mnyapara anamwita mzembe. Sisi tunasema: kabla ya kumwita mzembe, ulizeni kama macho yake yamepimwa yakifanya kazi pamoja.

Macho yetu yameachana kama sentimita 6. Kila moja huona kitu kwa upande wake, na ubongo huziunganisha picha mbili kuwa moja. Tofauti ndogo iliyopo kati yao hutusaidia kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Jambo hili lilielezwa mwaka 1838 na mwanasayansi Mwingereza, Charles Wheatstone. Lakini ili picha ziungane, lazima macho yote mawili yaelekee mahali pamoja. Kila jicho huendeshwa na misuli 6. Msuli mmoja ukilegea, au mshipa wa fahamu unaouamrisha ukiumia, jicho hupotoka.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kwanza, mpimaji humulika tochi na kutazama kama mng'ao umekaa mahali palepale katika mboni zote mbili. Pili, hukwambia utazame kitu kimoja, kisha hufunika jicho moja. Jicho lililobaki wazi likisogea ili kukitafuta kitu hicho, basi halikuwa likikitazama: hayo ni makengeza. Tatu, huhamisha kifuniko kutoka jicho hadi jicho. Hapo hujitokeza hata makengeza yaliyojificha, yale yanayoleta kichwa kuuma na macho kuchoka jioni kwa mshonaji au mchambuaji. Nne, huleta kalamu polepole kuelekea pua, aone macho yanaweza kuifuata hadi wapi. Mwisho, huonyesha picha maalumu kupima kama unatambua umbali.

Je, ukiona vitu viwili viwili? Funika jicho moja. Kama kitu kinabaki kimoja, lolote utakalofunika, shida ni macho kutoelekea pamoja. Kama bado unaona viwili kwa jicho moja, huenda shida imo ndani ya jicho lenyewe, kwa mfano mtoto wa jicho. Kwa vyovyote, likianza ghafla, acha mashine na uende hospitali siku hiyo hiyo. Linaweza kutokana na kuumia kichwa, kisukari au shinikizo la damu, na pengine ugonjwa wa ubongo.

Tusisahau watoto nyumbani. Makengeza si laana wala si urembo. Mtoto aliyepita miezi 4 naye bado jicho linapotoka apelekwe kupimwa, kwa sababu ubongo huweza kulipuuza jicho hilo likabaki dhaifu maisha yote. Matibabu ya mapema ndiyo yanayofaa zaidi.

Tunajua wengine wanakiogopa kipimo wasije wakaachishwa kazi. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini wengi husaidiwa na miwani, mazoezi au upasuaji, na aliyezoea makengeza tangu utoto hufanya kazi nyingi vizuri. Kipimo kitumike kumpa mtu kazi inayomfaa, kisiwe kisingizio cha kumfukuza. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unasema uangalizi wa afya ya wafanyakazi uwe bure, usiwakate mshahara, na ufanyike saa za kazi kadiri inavyowezekana.

Basi wajumbe wa matawi, katika mazungumzo yajayo na mwajiri, daini kipimo cha macho mawili pamoja. Kidole kilichokatwa hakiungwi kwa fidia.