Dawa au utambi? Mkulima alijue tundu kabla ya kuziba pancha

MAVUNO ya alizeti yanapoanza mkoani Singida, vyombo vya kila aina huelekea kwenye mashine za kukamua mafuta na kwenye magulio. Kuna malori, pawatila zenye trela, mikokoteni ya punda, pikipiki na baiskeli. Vyote hutegemea tairi zenye upepo, na vingi hupita katika njia za mashambani zenye miiba ya migunga na mbigili.

Kwa mkulima au mfanyabiashara wa vitunguu, pancha moja njiani ni hasara. Siku ya gulio inaweza kumpita, vibarua wa kupakua wakamsubiri, au mzigo ukahamishiwa chombo kingine kwa gharama mpya. Ndiyo maana wengi hutafuta njia ya kuziba haraka bila kumfuata fundi aliye mbali.

Njia mbili hushindana. Ya kwanza ni dawa ya pancha, yaani kimiminika kizito kinachotiwa ndani kupitia valvu. Ya pili ni utambi, yaani kipande cha uzi mnene wa mpira chenye gundi, ambacho husukumwa ndani ya tundu kwa chuma maalumu.

Dawa hufanya kazi pale gurudumu linapozunguka na kimiminika kuenea ndani. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoka huisukuma dawa kwenye tundu, na nyuzinyuzi au chembe za mpira zilizomo hunasa hapo na kuziba. Faida yake kubwa ni kwamba baadhi ya aina huweza kutiwa mapema, kabla pancha haijatokea.

Utambi hauhitaji tairi kuvuliwa kwenye rimu. Msumari huchomolewa, tundu husuguliwa, utambi huingizwa na ncha iliyobaki nje hukatwa. Lakini njia hii ni ya tairi zisizo na mpira wa ndani tu, kama zilivyo za magari mengi madogo.

Hapo ndipo mnunuzi asiyeuliza hupoteza fedha zake. Baiskeli na pikipiki nyingi zenye rimu za spoku hutumia mpira wa ndani, maarufu kama tyubu. Tyubu ikitoboka, utambi hausaidii kitu. Panahitajika kiraka, au dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya tyubu.

Kwa mwenye baiskeli au pikipiki anayepita kwenye mbigili kila siku, dawa inaweza kumpunguzia usumbufu, kwa kuwa tundu la mwiba ni dogo. Tyubu iliyochanika, au iliyong'oka kwenye shina la valvu, haiwezi kuokolewa na dawa.

Dawa nayo ina masharti. Nyingi hukauka kadiri muda unavyopita, na joto huharakisha ukaukaji huo. Mnunuzi asome tarehe ya mwisho wa matumizi na kiasi kinachotakiwa kwa ukubwa wa tairi yake.

Aidha, fundi aelezwe mapema kwamba ndani kuna dawa. Kiraka hakishiki vizuri juu ya mpira wenye majimaji, hivyo sharti usafishwe na kukaushwa kwanza. Jambo la hatari zaidi ni kwamba baadhi ya dawa za makopo ya kupuliza zina gesi inayoshika moto. Fundi anayebandika kiraka kwa moto bila kujua hilo anaweza kuumia vibaya.

Utambi nao una mipaka. Chama cha watengenezaji wa tairi cha Marekani huelekeza kwamba tairi ya gari dogo izibwe pale tu inapokanyaga chini, na tundu lisizidi milimita 6. Kwa mujibu wa mwongozo huo, utambi peke yake si matengenezo kamili. Tairi ivuliwe, ikaguliwe ndani, tundu lijazwe na kiraka kibandikwe kwa ndani.

Sababu ni kwamba fundi aliye nje haoni yaliyo ndani. Tairi iliyotembezwa bila upepo, hata kwa umbali mfupi, inaweza kuwa imesagika ubavuni. Vilevile, maji yakipenya kwenye tundu huweza kutia kutu nyaya za chuma zilizo ndani ya tairi.

Kwa hiyo, dereva aliyebeba vitunguu akielekea Shelui na Nzega hapaswi kuuamini utambi wa njiani na kuanza kushuka mteremko wa Sekenke na shehena nzima. Afunge tairi ya akiba. Tairi iliyochanika ubavuni haipaswi kurudishwa barabarani, iwe kwa dawa au kwa utambi.

Kabla ya kununua, mwenye chombo aandike kwa msimu mmoja idadi ya pancha, chanzo chake na fedha alizomlipa fundi. Pancha za miiba midogo zikiwa nyingi, chupa ya dawa inaweza kurudisha gharama yake. Zikiwa ni misumari kwenye tairi zisizo na tyubu, utambi na pampu vitamfaa zaidi. Tairi ikiwa kipara, au mzigo ukizidi uwezo wake, fedha hizo ziwekwe kwenye tairi mpya.